Mwaka Tulioacha Kushona Makochi

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka kazini siku tuliyoambiwa kwamba kiwanda chetu hakitatengeneza tena makochi. Kilikuwa kiwanda cha samani, mali ya shirika la umma, pale Chang'ombe. Tulitengeneza vitanda vya mabweni, madawati ya shule, meza za ofisi, na makochi ya nyumba za watumishi wa serikali. Mie nilikuwa sehemu ya makochi. Tulikuwa wanawake watupu, kila mmoja na cherehani yake, zile nzito za kushonea vitambaa vigumu, na kazi yetu ilikuwa kushona foronya za mito na kuvika fremu zilizoletwa kutoka karakana ya mbao upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa kazi nzuri. Kochi likikamilika ulilikalia kidogo kulijaribu, na msimamizi akipita alijifanya hakuoni.

Kwetu si Dar es Salaam. Kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera, katika kile kipande cha nchi kilicho kaskazini ya mto, kinachopakana na Uganda. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alibaki kule na mdogo wangu wa kiume, mie nikaletwa Temeke kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilisoma kwake, nikamaliza, nikapata kazi. Mtu yeyote wa kwetu aliyesafiri kuja mjini alipita kwa shangazi na salamu, pengine na senene wa kukaanga, panzi wa kwetu wa kuliwa, waliofungwa kwenye jani la mgomba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua kwamba mama mzima.

Habari ya vita niliipata kazini. Mlinzi wa getini alikuwa na redio, na asubuhi ile aliipandisha sauti mpaka tukaisikia ndani, juu ya mashine. Majeshi ya Uganda yamevuka mpaka, yamekalia nchi yote hadi mtoni, na daraja limevunjwa. Mwenzangu wa cherehani ya jirani, mama wa Kizaramo ambaye siku zote hakuishiwa maneno, alinigeukia.

"Si ndiko kwenu huko?"

"Ndiko," nilijibu, nikaendelea kushona.

Alirudi kwenye cherehani yake. Nakumbuka nilimaliza foronya ile yote, nikaukata uzi, nikaiweka juu ya zilizokwisha, nikachukua nyingine.

Rais alizungumza redioni, akasema tutapigana. Baada ya hapo mji ulibadilika mbele ya macho yetu. Malori ya mashirika yalichukuliwa jeshini pamoja na madereva wake. Vijana wa mgambo walipita na mchakamchaka asubuhi, wengine tukiwafahamu kwa sura, wauza mihogo na makuli wa jana. Sabuni na sukari, ambazo hata kabla ya hapo zilikuwa za kupanga foleni kwenye duka la ushirika, zikazidi kuadimika, na waliozoea kulalamika wakaona haya kulalamika. Shangazi akitoka shule alikuwa akienda stesheni kila treni ya Mwanza ilipoingia. Alisimama pale mlangoni akiwauliza wanaoshuka, kwa lugha yetu, kama wametoka ng'ambo ya mto. Alirudi kila mara na jibu lile lile: watu wa kule hawajaonekana.

Asubuhi moja meneja alituita wote uwanjani. Pembeni yake alisimama mtu wa wizara, mwenye suti ya mikono mifupi, na upande mwingine ofisa wa jeshi, mrefu, bado kijana.

"Ndugu zangu," meneja alisema, "kuanzia leo kiwanda hiki kinafanya kazi ya jeshi. Mpango wetu wa mwaka umesimamishwa. Hakuna makochi, hakuna vitanda, hakuna madawati."

Mtu wa wizara akachukua nafasi. Alieleza kwamba serikali imeshagawa kazi kwa viwanda vyote. Wenye nguo watatoa magwanda na mablanketi, wenye ngozi watatoa buti, wenye biskuti watatoa biskuti ngumu za safarini. Kwetu sisi yanatakiwa masanduku ya risasi, machela za kubebea majeruhi, na magongo ya kutembelea.

Alipotamka magongo, watu walitazamana. Masanduku tulielewa, na machela tulielewa. Lakini magongo yalikuwa na maana kwamba kuna mahali mtu ameshakaa chini akawahesabu watu ambao asubuhi ile walikuwa bado na miguu yao yote miwili.

Fundi mkuu wa karakana ya mbao alinyoosha mkono. Alikuwa mzee wa Kimakonde kutoka Newala, mwembamba, ambaye kabla ya kuajiriwa alikuwa akichonga mpingo na kuuza kwa wageni. Wote tulikuwa tukimwamkia, hata meneja.

"Mbao zitatoka wapi?" aliuliza. "Mbao mbichi ya machela itapinda."

"Najua, mzee," alijibu yule ofisa. "Mbao kavu mnazo?"

"Zipo kidogo."

"Tuanze na hizo. Nyingine zinatafutwa."

Tukaanza siku ile ile. Makochi yaliyokuwa hayajavikwa yalibebwa yakarundikwa nyuma ya stoo, fremu tupu zimelaliana. Sie wa cherehani tuliletewa mabunda ya turubai la kijani. Kushona turubai si sawa na kushona kitambaa cha kochi. Linakukatalia. Sindano zilivunjika kama njiti, vidole vikachubuka, na vumbi lake lenye harufu ya dawa liliganda kooni mpaka chakula kikawa nacho kina harufu ile. Mama wa Kizaramo alituonyesha namna ya kusugua nta ya mshumaa kwenye mshono ili sindano ipite. Jumapili nayo ikawa siku ya kazi. Wakristo tulisali misa ya alfajiri tukaja moja kwa moja, na Waislamu walitandika mikeka yao kando ya stoo saa zao zilipofika, mashine zikazimwa kidogo kwa heshima, kisha zikawashwa.

Yule ofisa alikuja kila wiki kukagua. Hakukagua kwa macho. Alichukua machela yoyote aliyoitaka kutoka kwenye rundo, akaitandaza chini, akavua kofia, akalala chali. Kisha aliwaamuru wanaume wawili waibebe wakimbie nayo kuzunguka uwanja, wapande ngazi za ofisi, washuke. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili, mshono wa machela moja uliachia pembeni, akadondoka bega kwenye saruji. Aliinuka taratibu, akajipangusa, akasema tu, "Huyu ameshakufa." Toka siku hiyo hakuna aliyecheka, na kila mshono tuliupitia mara mbili bila kuambiwa.

Siku nyingine alipomaliza kukagua nilimfuata hadi kwenye gari lake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, dada. Kuna nini?"

"Kwetu ni ng'ambo ya mto. Mama yangu yuko huko, na mdogo wangu."

Akaniuliza kijiji, nikakitaja. Aliuachia mlango wa gari, akanigeukia.

"Sitakudanganya," alisema. "Kule sasa hivi hatuna mtu wa kutuambia kitu. Waliowahi kuvuka mto wamepelekwa kambini, upande wa kusini. Waliobaki hatujui habari zao."

"Nitajuaje basi?"

"Tutakaporudi kule, ndipo tutajua."

Nilimshukuru. Ni kitu cha ajabu, lakini nililala vizuri zaidi siku ile. Watu wengine wote walikuwa wakiniambia mama mzima, nisiwe na wasiwasi, Mungu yupo. Yeye peke yake alinipa kile alichokuwa nacho.

Mbao kavu ziliisha, kama mzee alivyojua zitaisha. Zilizotafutwa zilikuwa njiani, tukaambiwa, lakini malori yalikuwa yakibeba watu na chakula. Karakana ikasimama asubuhi nzima, mafundi wamekaa juu ya mabenchi yao. Wakati huo fundi mkuu alikuwa akiozesha binti yake wa mwisho. Kwa ruhusa ya meneja alikuwa amenunua mbao za mninga zamani, akaziacha zikauke, na kila jioni baada ya kazi alikuwa akimtengenezea kitanda. Ubao wa kichwani alikuwa ameshauchonga mwenyewe, majani na ndege, na sie wanawake tulikuwa tukipita kuutazama na kumtania kwamba binti hatataka kuamka.

Asubuhi ile alikwenda kwenye kona yake, akatoa zile mbao moja moja, mihimili na fito na miguu, akazipanga juu ya mashine ya msumeno.

"Mzee, hizo za harusi," kijana mmoja alisema.

"Ni kavu," alijibu.

"Harusi wiki ijayo!"

"Nimesikia. Washa mashine."

Kijana hakuiwasha. Mzee aliwasha mwenyewe. Tulikuwa tumesimama mlangoni tukitazama fito za kitanda zikipasuliwa kuwa mipini ya machela, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Ubao wa ndege haukufaa kwa machela. Aliuegemeza ukutani, akaufunika gunia. Binti aliolewa siku ile ile iliyopangwa, akaingia nyumbani kwa mumewe Keko bila kitanda. Nilihudhuria. Mzee alicheza ngoma ya kwao na hakuonyesha lolote.

Kisha redio ikatangaza kwamba jeshi letu limevuka mto, na kipande chetu cha nchi kimerudi. Kiwandani watu walitoka nje wakaimba. Walinibeba juu juu, wakanizungusha uwanjani, wakisema kwetu kumekombolewa. Nami nilicheka, kwa sababu walinipenda. Lakini moyoni nilikuwa nikikumbuka neno la yule ofisa, kwamba tukirudi ndipo tutajua.

Wiki hiyo hiyo ilikuja amri nyingine, na hii haikusomwa uwanjani. Meneja aliwaita mafundi wachache. Kibanda cha nyuma, kilichokuwa cha kupakia vanishi, kilizungushiwa maturubai, na tukaambiwa asiyehusika asiingie. Kulikuwa na majeruhi walioletwa hospitali za hapa mjini, na si wote walikuwa wakitoka kwa miguu yao wala kwa magongo yetu. Yalitakiwa majeneza. Wanawake wawili walihitajika kushona bitana nyeupe za ndani.

Meneja alinitazama. Fundi mkuu akawahi.

"Huyu hapana. Huyu ana watu wake kule."

"Nitakwenda," nikasema.

Sikuwa shujaa. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo watu hawaimbi.

Kibandani tulifanya kazi bila maneno mengi. Majeneza yote yalikuwa ya kipimo kimoja. Jambo hilo lilinisumbua zaidi ya yote, kwamba yupo mtu mfupi na yupo mrefu, lakini sanduku ni moja. Mzee alikuwa akilipiga jeneza randa upande wa nje, halafu akiligeuza na kupiga na ndani, kwa uangalifu ule ule, sehemu ambayo mie ningeifunika na kitambaa dakika chache baadaye.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "ndani hapaonekani."

"Ndani ndiko anakolala," alisema, akaendelea.

Mama wa Kizaramo alikuwa mwenzangu wa bitana. Yeye alishona akisoma dua kwa sauti ya chini, na mie nilikuwa nikisema Salamu Maria, na ilikuwa ikitokea tunamaliza pamoja. 

Mchana mmoja mlinzi alikuja kuniita. Nilimkuta shangazi amesimama getini, bado ana chaki mikononi. Hakuwa amewahi kuja kazini kwangu.

"Mama yako amekuja," alisema. "Yuko nyumbani. Alishuka treni ya leo, na mie sikwenda, nilikuwa darasani. Ameuliza njia mpaka amefika."

Nilimshika mikono. "Na mdogo wangu?"

"Twende kwanza nyumbani."

Tulitembea kutoka Chang'ombe hadi Temeke. Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye ukingo wa kiti, kama mtu aliyeombwa asubiri kidogo. Alivaa gauni lisilo lake, pana mabegani. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa lugha yetu, naye akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanipapasa masikio, shingo, mabega, kama anayehakikisha kwamba nimekamilika.

Alisimulia jioni ile mara moja tu, na hakuwahi kurudia. Askari waliingia kijijini asubuhi. Yeye na mdogo wangu walijificha migombani, lakini ng'ombe wa jirani walikuwa wakilia, na askari walifuata ng'ombe. Walikusanya vijana wa kiume kuwaswaga wale ng'ombe hadi ng'ambo ya mpaka. Mdogo wangu akatolewa migombani, akapewa fimbo. Mama aliwafuata nyuma kwa miguu, njia nzima, hadi askari mmoja alipogeuka akapiga risasi ardhini mbele yake.

"Kaka yako akageuka," alisema, akimwita hivyo kama alivyozoea kumheshimu, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee wa nyumba yetu. "Akaniambia, 'Mama, rudi. Nitawafikisha hawa ng'ombe halafu nitarudi.' Kama vile ametumwa mnadani."

Mama alirudi. Alivushwa mto kwa mtumbwi pamoja na watu wengine, akakaa kambini. Jeshi letu lilipokomboa kule alirudi kijijini, akakuta nyumba imeungua na vijana wale hawapo. Alisubiri. Wawili kati yao walirejea kutoka porini wakiwa wamekonda. Walisema walitenganishwa na mdogo wangu siku ya kwanza kabisa.

Kisha mama aliniuliza, "Na wewe ulikuwa ukifanya nini huku?"

"Nilikuwa nikishona machela. Kiwanda chetu kilipewa kazi hiyo."

Alifikiri. Kwetu mgonjwa alikuwa akibebwa kwenye kitanda cha miti mabegani mwa majirani hadi kwa mganga, hivyo alielewa mara moja.

"Mtu anayebebwa," alisema, "ana watu."

Kesho yake nilikwenda kazini. Sikujua pengine pa kwenda. Fundi mkuu alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani.

"Rudi ukakae na mama yako," aliniambia.

"Amelala. Akiamka tutatazamana tu."

Hakubisha. Alinivutia kigoda karibu na benchi lake, akaniambia nikae. Hakunipa kazi na hakuniuliza kitu. Nilikaa pale siku nzima nikitazama maranda yakidondoka. Mwenzangu wa Kizaramo alishona bitana zake na zangu.

Vita ilipokwisha tulisimama tena uwanjani, na mtu yule yule wa wizara alitushukuru, akasema sasa turudi kwenye makochi. Fremu zilitolewa nyuma ya stoo, nyingine zimeliwa na mchwa. Lakini sponji haikuwepo, gundi haikuwepo, vitambaa vya kutoka nje havikuwepo, kwa kuwa fedha ya kigeni iliishia vitani. Tulijaza mito kwa sufi. Msumeno mkubwa ulipoharibika ulikaa miaka bila kipuri. Tulifanya kazi namna hiyo, leo ipo kesho haipo, hadi kiwanda kikauzwa. Siku hizi pale ni ghala la vigae na mabafu. Nilipita mwaka jana, kijana wa getini akaniuliza, "Mama, unatafuta saizi gani?" Nikamwambia napita tu.

Fundi mkuu alistaafu akarudi Newala. Mwenzangu wa Kizaramo tulizikana naye, yaani mie ndiye niliyemzika, Yombo, miaka mingi baadaye.

Mama alikaa nasi Temeke miezi kadhaa. Alifanya kila kitu alichoombwa: alipika, alifua, alikwenda kanisani. Halafu siku moja alikunja nguo zake na kusema anarudi nyumbani.

Nilimsihi. "Mama, nyumba imeungua. Kaa hapa. Mie nina kazi, shangazi yupo. Kule una nani?"

"Akirudi," alinijibu, "atanitafuta wapi? Temeke hapajui."

Shangazi alinikonyeza ninyamaze. Tukampeleka stesheni, tukamtafutia nafasi dirishani. Treni ilipoanza kuondoka hakupunga mkono. Alikuwa ameshageuka upande inakoelekea.

Alijenga kibanda mahali pale pale, kisha nyumba ya matofali kwa msaada wangu. Kila likizo nilikwenda, na baadaye nilikwenda na watoto, na hata mume wangu alijifunza kula ndizi za kupikwa asubuhi. Mdogo wangu hakurudi. Hakuna aliyewahi kutuambia alikofikia. Mama alizeeka kule, akafariki kitandani kwake, na majirani wakambeba.

Sasa tunakaa Mbagala. Mwaka jana niliwachukua wajukuu, tukapanda basi stendi ya Mbezi Luis, safari ndefu, wakalalamika njia nzima. Niliwaonyesha kaburi la baba na kaburi la mama. Kati yake tumeacha nafasi, imepandwa maua, na mkubwa wao akauliza mbona pale hapana mtu.

"Ni pa babu yenu," nilimwambia. "Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

Nikakaa chini kwenye majani, nikawaambia nao wakae, nikaanza kuwasimulia.